Sambaza Ndani ya Mashine

Harufu ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, haitoki kwenye karatasi. Ianike juani, ifungie sandukuni pamoja na sabuni, ipepee mpaka mkono uchoke, bado itakuambia ilikotoka. Nasema hivyo kwa sababu kuna mwaka mmoja, enzi za Zaire, niliishi na karatasi za namna hiyo kutwa kucha, na watu wa nyumbani kwetu walinivumilia mpaka uvumilivu ukawaishia.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Bukavu, na mémoire yangu, ile kazi ya kumalizia chuo, ilihusu urefu wa sambaza wa ziwa letu. Wenzangu walichagua mambo makubwa ya maendeleo ya taifa. Mimi nilichagua samaki wa kidole kimoja. Kila alfajiri niliteremka ufukweni Nguba, mitumbwi ikirudi na taa zake zimezimwa, nikapima samaki mmoja mmoja juu ya ubao wenye rula, nikaandika. Nilitaka kujua kama wanapungua urefu tangu wavuvi wawe wengi. Wachuuzi walinicheka, lakini waliniruhusu. Maman Mapendo, aliyekuwa na sauti ya kuamsha kilima kizima, ndiye aliyenipa beseni lake siku ya kwanza, na siku zote zilizofuata alinisimamia kichwani.

“Pima mbio, Mademoiselle,” alikuwa akisema. “Hii samaki inangoja mafuta, haingoje diplome.”

Nikicheka leo, nacheka kwa uchungu kidogo. Ufukwe ule naupenda mpaka sasa: ukungu juu ya maji, wanawake wamejifunga vitenge viwili viwili kwa baridi, na mimi katikati yao na rula yangu kama karani wa samaki. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, ya kuamka na kujua hasa naenda kufanya nini.

Nilikuwa nikiishi kwa Tonton Philémon, mdogo wake baba. Baba yangu, Cirhuza, alifunikwa na shimo la dhahabu kule Luhwindja nilipokuwa sijaanza shule. Mlima ulikaa juu yake, na wenzake pamoja na Tonton walichimba mpaka kucha zikawatoka, wasimpate. Hakuna kaburi, kwa hiyo hakuna msalaba, kwa hiyo hakuna mahali jina lake lilipoandikwa. Tonton alinichukua na mfuko wangu wa nguo, akanileta mjini, na yeye na mke wake, Maman Euphrasie, ambao Mungu hakuwapa mtoto, wakanilea kana kwamba nilitoka tumboni mwao.

Tonton alikuwa mtunza ghala wa mradi mmoja wa kilimo, kwenye nyumba nzuri ya Nguba yenye madirisha yaliyotazama ziwa. Ghala lilikuwa kazi yake, lakini fahari yake ilikuwa kompyuta. Ilifika kutoka Bujumbura imefungwa kwenye blanketi, ikapewa chumba chake na mapazia yake, na Tonton akapewa ufunguo. Viatu vilivuliwa mlangoni. Maman Euphrasie aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, chenye maua pembeni, kizuri kuliko kile cha meza yetu ya kulia, na mimi nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba meza yetu haijui kuhesabu. Tonton alipelekwa hata mafunzoni, akarudi anajua amri chache: kuonyesha majina ya faili zilizomo, kuzinakili, kuzibadilisha majina. Alizifanya kwa kidole kimoja, polepole, midomo ikicheza kama mtu anayesali rozari.

Saa ya mchana mkurugenzi alipokwenda kula na kulala kidogo, Tonton alinifungulia. Kulikuwa na programu ya majedwali, maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi. Niliingiza urefu wa samaki kwenye vyumba vidogo vidogo, nikaamuru, na wastani ukatokea wenyewe chini. Mara ya kwanza nilipiga kelele, Tonton akaniziba mdomo kwa kiganja, kisha yeye mwenyewe akasema niirudie ili aone tena.

Kila mwezi ulikuwa na faili yake: JANVIER, FEVRIER, na kuendelea. Septembre ilikatwa mkia, ikabaki SEPTEMBR, kwa kuwa mashine haikukubali jina lenye zaidi ya herufi nane. Jambo hilo lilimkera Tonton kweli. Alisema hata padri mwenye haraka hamkati mtoto jina kwenye maji ya ubatizo.

Hapa nieleze habari ya majina, maana waliozaliwa juzi hawaijui. Miaka ile serikali ilikuwa imetunyang'anya majina ya ubatizo. Kwenye karatasi, ofisini, shuleni, ulikuwa Citoyen au Citoyenne, yaani raia, na postnom yako, lile jina la asili, basi. Nyumbani niliitwa Colombe. Chuoni nilikuwa Citoyenne Nsimire, na ole wake aliyechanganya. Tonton alikuwa Philémon kwa mkewe na kwa Mungu, na Citoyen Mushagalusa kwa ulimwengu uliobaki. Na kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba, kwa hiyo jina Cirhuza halikuwa hata kwenye kitambulisho changu.

Wengi walinung'unika chini kwa chini. Tonton hakunung'unika. Si kwamba alikipenda chama kilichotawala. Kwenye mikutano ya kuimba na kucheza alisimama nyuma, akitingisha bega moja tu ili asiandikwe. Ila sheria ile moja ilimwingia moyoni. Alikuwa akisema jina la padri ni koti, postnom ni ngozi. Hakumwamini mtu asiyeweza kumtajia yake.

Basi, sambaza wa Desemba wakaisha kuingia. Usiku huo mezani Tonton alitangaza kama redio kwamba kazi yote ya Colombe sasa iko ndani ya mashine, haiozi, hailiwi na panya, hainuki. Maman Euphrasie alilishika neno hilo la mwisho. Kesho yake gunia la karatasi zangu lililokuwa nyuma ya mlango wa jiko halikuwapo, na mama wa watu aliniambia kwa furaha kwamba hajawahi kuona kitu kinachowasha makaa upesi namna ile. Mafuta ya samaki, bila shaka. Sikukasirika. Nilicheka. Si vyote vilikuwa ndani ya mashine?

Jumatatu Tonton alipanda lori la mradi kwenda Luvungi, kule bondeni, kuangalia mavuno ya mpunga. Kabla ya kuondoka alipita ofisini, akakaa ndani na ile mashine peke yake muda mrefu, mpaka dereva akapiga honi. Alitoka anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi chini ya kitanda. Ufunguo aliuacha kwa Maman Euphrasie, akasema nichape majedwali yangu kwa utulivu, atarudi mwisho wa juma.

Profesa aliyenisimamia alikuwa mmoja wa wale wasafiri: anashuka na ndege Kavumu, anafundisha majuma machache, anasikiliza wanafunzi wanaotetea kazi zao, anapanda ndege. Safari hii ilijulikana haji tena. Alikuwa amepata kazi nchi nyingine. Mimi nilipangiwa kutetea Jumanne ya juma lililofuata, na Jumatano yeye aondoke. Aliyetazamiwa kumrithi alikwisha sema mbele ya watu kwamba sambaza ni mboga, si utafiti. Kwa hiyo ilikuwa Jumanne ile, au mwaka mwingine mzima na somo jingine, na nyumba ya Tonton isingeubeba mwaka mwingine wangu.

Mchana wa Jumatatu hiyo nilivua viatu, nikakunja kitambaa cha maua, nikawasha. Programu ikafunguka vizuri. Nikaomba orodha ya faili. Kioo kikabaki cheusi.

Nikaomba tena. Hakuna Janvier, hakuna Février, hakuna hata yule Septembr maskini aliyekatwa mkia. Nikaandika jina la mwezi kwa herufi zake zote, mashine ikajibu kwa Kifaransa safi kwamba faili hiyo haipo. Nikazima, nikangoja umeme utulie, maana umeme wetu wa Ruzizi siku nyingine ulikuja kwa kutikisika, nikawasha. Nikapuliza. Nikasali Salamu Maria, nikaanza kuitukana, nikaomba radhi, nikawasha tena. Ilikuwa ikinitazama tu. Nakuambia, hakuna kiburi kama cha mashine inayofanya kazi vizuri huku imekataa jambo lako moja.

Kesho yake nilimleta Lucien. Alikuwa fundi wa mashine za ofisi pale mjini, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, na bisibisi mfukoni mahali ambapo wengine waliweka kalamu. Aliiuliza mashine kama inayo faili yoyote ya yale majedwali. Ile programu huweka alama yake mwisho wa jina la kila faili, herufi tatu, WK1, na Lucien aliuliza zote zenye WK1. Mashine ikasema haina hata moja. Akafungua kasha, akafuta vumbi kwa pamba na manukato, akafunga, akauliza tena. Hapana. Akaniambia kwa sauti ya watu wa msibani kwamba unyevu wa ziwa umeila diski na kwamba kazi yangu imefutika. Akaongeza kwamba ameona mengi ya namna hiyo.

Nilimchukia papo hapo. Nilimchukia yeye, shati lake na manukato yake.

Nyumbani nilipomweleza Maman Euphrasie, aliweka mwiko chini. Hakulia mara moja. Alitazama lile jiko la makaa, mbabula yake aliyoipenda, kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemng'ata mgeni.

“Basi ni mimi,” alisema. “Ni mimi nilipika bugali na mwaka yako.”

Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba hata mimi nilicheka aliponiambia. Hakunisikia. Siku zile alipika bila kula, na kuwasha moto aliniachia mimi. Hakutaka tena kugusa kiberiti. Kilichoniuma zaidi hakikuwa kazi yangu. Ilikuwa ni kumwona mwanamke aliyenifunga vitambaa nikiugua, sasa anapita ukutani ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni aliyevunja sahani.

Nilimwendea profesa. Alinisikiliza kwa adabu, akasema ndege haingoji, na kwamba bila majedwali hawezi kuwaweka wenzake mezani wasikilize hadithi. Nilirudi ufukweni alfajiri bila rula. Sijui nilitaka nini. Maman Mapendo aliniona nimesimama tu, akashusha ile sauti yake, jambo lisilo la kawaida. Kisha akauliza kama siwezi kupima wengine. Nikasema nahitaji wale wa mwaka jana. Akatazama beseni lake, akatazama kilima chote cha Nguba na moshi wake wa asubuhi.

“Ya mwaka jana tulishakula, mwana wangu,” alisema, na akanifungia wachache kwenye jani, bure.

Jumamosi mchana lori lilitua. Tonton aliingia mweupe kwa vumbi la mteremko wa Ngomo, na mfuko wa mchele begani na tikiti maji kubwa kwapani, akiimba. Alikuta jiko baridi, mkewe ameketi chini, mimi nimelala kifudifudi kitandani mlango wazi. Wimbo ukakatika.

“Nani amekufa?”

“Sambaza ya Colombe,” Maman Euphrasie alisema. “Yote imepotea mu mashine. Na makaratasi nilichoma mimi.”

Tonton aliweka tikiti mezani taratibu. Nilisikia akivuta kiti. Sauti yake haikuwa na hofu hata kidogo. Ilikuwa na mshangao wa mtu anayeambiwa nyumba yake imehama.

“Imepotea namna gani? Niliiona miye mwenyewe, ile asubui nilienda Luvungi. Iko pale. Niliipatia hata jina.”

Sijui nilivaa viatu au sikuvaa. Najua tu kwamba tuliteremka Nguba watu watatu, Maman Euphrasie nyuma akiwa bado na kitenge cha jikoni, na kwamba mlangoni mwa mradi tulimkuta Lucien ameegemea baiskeli yake. Alikuwa na disketi mpya mkononi na uso wa mtu asiyelala vizuri. Alisema ameazima programu ya kuokoa kilichofutika, labda itapata samaki wawili watatu. Nilimpita bila salamu. Yeye naye akavua viatu akatufuata.

Tonton alipangusa kidole kwenye suruali. Hakuifungua programu ya majedwali. Aliandika amri yake ile ya kwanza, ya kuonyesha majina yaliyomo, na kioo kikajaa kuanzia juu hadi chini. Unajua mashine zile zilivyoandika: jina upande wa kushoto, kisha nafasi, kisha zile herufi tatu peke yake upande wa kulia, kama daftari la darasa. JANVIER, nafasi, CIR. FEVRIER, nafasi, CIR. Mpaka chini.

“Nani anasema imepotea?” Tonton aliuliza.

“Tonton, WK1 iko wapi?”

“Niliitoa. Ile ni postnom ya nani? Miye sijue ukoo ya WK1. Kazi ya mutoto wa Cirhuza itatembea mbele ya baprofesa na jina ya mutu asiyejulikana?” Akagusa kioo kwa ukucha, kwenye zile herufi. “Niliandika moja moja. Nilitaka Cirhuza yote, ikakatala. Tatu tu. Hii mashine iko na choyo. Nikasema basi, hata tatu. Siku Colombe anasimama kutetea, ndio nitamwambia.”

Nyuma yangu Lucien aliguna, akajipiga paji la uso. Nilihisi damu inanipanda. Juma zima! Mama wa watu hali chakula, mimi nimeomba mpaka profesa akaniona kichaa, na kumbe mzee mmoja alikaa hapa kubatiza samaki. Nilimweleza kwa ukali, na nilikuwa na haki ya ukali ule. Programu ya majedwali, nilimwambia, ni kama msimamizi wa harusi aliyesimama mlangoni: asiye wa ukoo wa WK1 hapiti, hata akiwa bibi harusi mwenyewe. Haulizi jingine. Hamtazami mtu usoni.

“Jina inaweza funga mulango?” aliuliza.

“Hii mulango, ndiyo, Tonton.”

Maman Euphrasie alikuwa amekaa sakafuni, amefunika uso kwa kitenge, na mabega yalikuwa yakitikisika. Alikuwa analia au anacheka, nadhani vyote viwili. Tonton alisogeza kiti, akaweka kidole juu ya vitufe. Kubadilisha jina, aliijua amri hiyo. Aliandika neno la kwanza. Akaandika JANVIER. Kisha kidole kikasimama hewani.

“Nikiandika WK1, Cirhuza anatoka?”

“Anatoka.”

Hakugeuka. Nje, ziwani, injini ya mtumbwi ilipita ikaisha, na yeye bado kidole kiko juu.

“Kule Luhwindja tulishindwa kumutoa,” alisema. “Tulichimba, tukashindwa. Sasa hapa nimemupatia mahali, na ni miye tena nitamutoa?”

Hasira yangu iliishia hapo. Nilitazama ile safu ya kulia, CIR, CIR, CIR, mwezi chini ya mwezi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaona jina la baba yangu limeandikwa mahali. Nusu jina, kwa kijani, ndani ya mashine ya watu wengine. Nililia kama mtoto mdogo. Sikuona haya wakati ule na sioni haya sasa.

Ndipo Lucien akakohoa. Alichutama kando ya kiti cha Tonton, na, nasema ukweli ingawa yuko chumba cha pili na atasikia, aliongea kwa heshima kuliko nilivyotarajia kwa mtu mwenye shati la namna ile.

“Papa, usimutoe. Unaweza nakili. Samaki ile ile, na majina mbili. Moja ya kazi, moja ya nyumbani.”

“Mashine inakubali?”

“Inakubali. Ile ya nyumbani tutaiweka humu.” Akaonyesha disketi.

Tonton alimtazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, Colombe, Citoyenne Nsimire. Akamtazama mkewe. Alianza kutabasamu polepole. Nani kati yetu mle chumbani hakuwa na majina mawili? Tulikuwa taifa zima la watu wa jina la kazi na jina la nyumbani, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Kwa nini sambaza washindwe?

Lucien alisoma herufi, Tonton akazipiga kwa kidole chake, mwezi mmoja baada ya mwingine. Kwanza zote zilinakiliwa kwenye disketi pamoja na jina la baba. Kisha, ndani ya mashine, kila moja ikarudishiwa WK1 yake. Tulipofungua programu, Janvier akasimama mlangoni, akaruhusiwa, akaingia na samaki wake wote. Maman Euphrasie alikuja kutazama kwa karibu, vile vyumba vidogo na tarakimu zake, akauliza kama kweli ndio wale aliowatumia kuwashia makaa. Nilipomwambia ndio, aliigusa mashine ubavuni kama unavyomgusa ng'ombe aliyerudi zizini. Jioni hiyo aliwasha moto mwenyewe, akala tikiti maji mpaka akalalamika tumbo.

Jumanne nilitetea. Tonton alikaa mstari wa mbele kwenye abacost yake nyeusi, ile suti isiyo na tai ya enzi zile, shingo imefungwa vizuri kama waziri. Profesa aliuliza maswali magumu kuhusu Août, ule mwezi wa nane, nikajibu. Mwisho alisimama akasoma matokeo kwa sauti, Citoyenne Nsimire, na distinction, na watu wakapiga makofi. Maman Mapendo, ambaye sikujua hata kama ameingia, alisema kwa sauti yake ile kwamba nusu ya diplome ni ya beseni lake. Nilimwona Tonton akitumbukiza mkono mfuko wa ndani wa abacost, akakishika kitu humo, akautoa mkono mtupu. Alikuwa na ile disketi kifuani. Wenye kompyuta watasema disketi haibebwi hivyo. Nakubali.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, sheria ya majina ikalegezwa, na watu wakaanza kuyatoa majina yao ya ubatizo kama nguo zilizokaa sandukuni. Tonton naye akajaribu kuwa Philémon kule ofisini. Hawakuzoea, wakaendelea kumwita Citoyen Mushagalusa, naye akaendelea kuitika. Aliniambia koti lilikaa kabatini mno, limembana mabega. Lakini alicheka alipokuwa akisema.

Kisha yalikuja mengine mnayoyajua, vita na kukimbia na kurudi. Nyumba ya Nguba ina wenyewe wapya, na chumba cha mashine sijui wanalala nani. Tonton alifariki kitandani mwake, kwa neema ya Mungu, na Maman Euphrasie akamfuata kabla msimu wa mvua haujageuka. Wana makaburi, na misalaba, na majina yote mawili mawili yameandikwa juu yake, nilihakikisha. Sambaza bado wanavuliwa. Lucien bado anapiga pasi mashati yake mwenyewe, maana ninayopiga mimi hayamridhishi.

Disketi nilikimbia nayo kila tulipokimbia, ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na picha za harusi. Mwezi uliopita binti yangu Martine, ambaye anafanya kazi na hizi kompyuta za mapajani, aliiona akaigeuza geuza kama mfupa wa mnyama asiyemjua. Aliniambia kwa upole kwamba nisijisumbue, hakuna mahali mjini pa kuiingiza, na hata pangekuwapo, unyevu umeshaila. Haiwezi kufunguka tena.

Nilimwambia kwamba kwa jina lile la CIR haikuwahi kufunguka, hata siku ile ilipokuwa mpya. Kisha nikamwonyesha ile karatasi ndogo iliyobandikwa juu yake, ambapo Tonton, kabla hajatoka chumbani Jumamosi ile, aliomba kalamu ya Lucien akaandika pole pole, kwa sababu karatasi haina choyo cha mashine: CIRHUZA, herufi zote.

Martine aliisoma kwa sauti. Kisha akaniuliza babu huyo alikuwa mtu wa namna gani, nikavuta kiti.